Meza Yenye Mdomo

Bi Mkato aliposoma, alisoma kila kitu. Mkato aliutamka, nukta aliitamka, na aya mpya ikianza alisema "aya" na kuvuta pumzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika chumba cha prufu cha kampuni ya vitabu: kushika muswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, huku mwenzake akifuata kwenye kurasa zilizokwisha kupangwa, ili kitakachochapwa kisipishane na kilichoandikwa. Kazi ilikuwa imemharibu. Mumewe aliwasimulia watu kwamba siku moja aliitwa kula hivi: "Mume wangu mkato njoo kabla hakijapoa nukta."

Mwenzake aliitwa Rula. Aliitwa hivyo kwa sababu ya rula ya chuma aliyoiteremsha mstari kwa mstari chini ya maneno, na pia, walivyosema vijana wa mitamboni, kwa sababu ya mgongo wake usiojua kuinama. Alianzia mashine ya kukata karatasi, huko chini, akajifunza kusoma prufu kwa kuokota kurasa zilizoharibika na kwenda nazo nyumbani. Mpaka sasa alikuwa mtu wa taratibu. Ukimuuliza jambo alinyamaza kwanza, na wengi waliondoka kabla hajajibu.

Asubuhi hiyo walikuwa na kitabu kidogo cha darasa la nne, juu ya maneno yanayofanana sura na kutofautiana ukoo. Mwandishi alikuwa binti yake Rula, mwalimu, na hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Bi Mkato alikuwa ameomba wapewe wao.

"Tai anayeruka mkato na tai ya shingoni mkato hawajuani hata kwa salamu nukta," alisoma Bi Mkato, akacheka. "Mtoto anaandika huyu. Umemtoa wapi wewe?"

"Endelea."

"Kima wa mtini mkato na kima cha mshahara mkato ni wageni wawili waliokutana njiani nukta. Aya. Meza nukta mbili. Zamani mkato Meza alikuwa mnyama mwenye miguu minne na mdomo mpana mgongoni nukta. Alimeza kila kilichowekwa juu yake nukta mbili sahani mkato vikombe mkato hata kofia ya kijani ya mgeni nukta."

Rula ya chuma ilisimama.

"Nimekupoteza?" aliuliza Bi Mkato.

"Hapana. Soma."

"Watu wakamlilia afunge mdomo nukta. Meza akasema atafunga kwa sharti moja nukta mbili watoto wawe wanameza badala yake nukta. Mtoto akimeza mkato Meza hushiba nukta. Ndiyo sababu mpaka leo anaitwa meza nukta." Bi Mkato aliteremsha karatasi. "Tamu. Lakini si ndivyo, au ndivyo?"

"Sivyo. Kumeza ni neno letu. Liulize kwa majirani wote wanaosema lugha za ukoo huu, utalikuta, na koo lake lile lile. Hii ya miguu minne ni ya Wareno. Waliileta pamoja na bendera, karata na gereza."

"Kumbe walikuja wamekamilika. Na kabla yao babu zetu walikuwa wanamezea wapi?"

"Popote walipokaa."

Bi Mkato alicheka tena, lakini Rula alikuwa anaitazama kofia ile ya kijani.

*

Kofia, miaka mingi nyuma, ilikuwa ya jirani yao dereva. Aliivua jikoni kwa Rula, akaiweka mezani, akasema dawa ndiyo hii, akaenda zake na kuisahau. Ilikuwa mchana wa mvua. Binti yake alikuwa mtoto wa miaka saba, koo limevimba, na vidonge alivyopewa vilikuwa vikubwa kama vifungo vya koti. Aliuma meno. Rula alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akavisaga kwenye kijiko, vikatemwa kwenye shati lake. Mtoto alikuwa analia neno moja tu, mama, na mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka miezi michache nyuma, asubuhi ya kawaida kabisa, bila ugomvi, akaacha chai kwenye chupa na kabati lake wazi.

Rula hakuwa msimulizi. Alikuwa mkata karatasi. Alimwinua mtoto akamketisha juu ya meza, akaona kofia, na maneno yakamtoka bila yeye kujua yanakoelekea: zamani Meza alikuwa mnyama. Alipofika kwenye sharti mtoto alikuwa ameacha kulia. Aliuliza, kwa sauti ya koo bovu, "Nani kakwambia?"

Angesema ni mimi. Lakini aliona ni jina gani mtoto analisubiri.

"Mama yako. Aliniachia nikupe siku ukiumwa."

Mtoto akafungua mdomo, akameza.

Baada ya siku hiyo Rula aligundua kwamba kitu kikitoka kwa mama kinapokelewa vizuri zaidi. Alinunua sweta nyekundu akasema imetumwa na mama. Alinunua rangi za kuchorea, zikawa za mama. Kukata kucha, kulala mapema, hesabu na mafuta ya samaki vilibaki kuwa vyake. Hakuona ubaya. Aliona ni kama kumwekea mtoto akiba, na hakufikiri kwamba siku moja mtu mwingine ataichukua.

Binti alikua, akawa mwalimu. Miaka miwili kabla ya kitabu alimtafuta mama yake akampata mji mwingine, ana duka la vitambaa. Walipendana haraka. Na tangu hapo, alipokuja kwa baba yake Jumapili, binti alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakugomba. Siku moja tu, akiwa anafuta vikombe, alisema bila kugeuka, "Mwanamke anayemwachia mwanawe hadithi na kumtumia sweta, baba, haondoki tu. Lazima kuna kilichomwondoa." Rula alinyamaza kwanza, kama kawaida yake, na binti akachukulia kwamba kunyamaza kule ndilo jibu.

*

Kanuni ya kampuni ilikuwa ya zamani. Msomaji wa prufu hafuti jambo la mwandishi. Herufi iliyoruka ataisahihisha, lakini jambo lenye shaka ataliandikia swali pembeni kwa wino mwekundu. Mwandishi atajibu kwa kijani, na msomaji atatia saini kuonyesha kuwa swali limefungwa.

Rula alichukua kalamu nyekundu akaandika kwa herufi zake ndogo: Chanzo? Jina la samani ni la Kireno. Kitenzi ni cha Kibantu. Ni maneno mawili.

Sehemu ya Kireno aliiandika kwa ajili ya watoto wa darasa la nne. Lile neno la kwanza alijua kwamba hakuliandika kwa ajili yao.

Binti alikuja baada ya siku chache, kurasa zake mkononi.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, Bi Mkato."

"Marahaba, mama," alisema Rula.

"Marahaba, mwalimu," alisema Bi Mkato. "Kaa, chai ipo. Mimi nimekipenda kitabu chako mpaka nimesahau kusema nukta."

"Hilo ni tangazo la kutosha." Binti alikaa, akafungua ukurasa. "Baba, hili la Kireno nakubali. Nimeona haya, kwa kweli. Nimeandika upya: hapa juu asili ya kweli, maneno mawili, kila moja na ukoo wake. Chini yake nimeibakiza hadithi kama hadithi. Sawa?"

"Sawa sana."

"Sasa umeniuliza chanzo. Chanzo cha nini?"

"Cha hadithi."

"Hukijui?"

"Nakijua."

"Basi mbona unaniuliza?"

Rula aliisogeza rula mpaka ikalala sawa na ukingo wa meza. Bi Mkato alianza kutafuta kitu kwenye droo ambayo haikuwa na kitu.

"Nilitaka tuongee," alisema Rula. "Hadithi ile nilikusimulia mimi. Ulikuwa huwezi kumeza dawa. Ulikuwa unamtaka mama yako, nikasema ni yake. Niliitunga pale pale."

Binti alicheka kidogo, kicheko cha kumngoja mtu amalizie utani. Kisha akaona hakuna cha kumalizia.

"Wewe, baba? Hadithi? Nimekaa nyumba moja na wewe mpaka nimeolewa, sijawahi kusikia hata 'paukwa'."

"Nilikuwa nayo hiyo moja."

"Acha, baba."

"Kofia ya kijani ilikuwa ya yule jirani dereva. Aliiacha mezani siku ile. Mama yako hakuwahi kuiona, alikuwa ameshaondoka."

"Kofia za kijani ziko ngapi duniani?" Sauti yake ilikuwa bado ya heshima, na hiyo ndiyo iliyouma. "Mimi namkumbuka. Namkumbuka amekaa kitandani, ana ile sweta yangu nyekundu mapajani, ananisimulia."

"Sweta nyekundu ilikuja mwaka uliofuata. Niliinunua mimi."

"Unaona?" Binti aliinamisha kichwa. "Nilijua utafika huko. Hadithi umeichukua, na sweta unaichukua. Kitabaki nini ambacho mama yangu alinifanyia?"

Rula alitafuta jibu ambalo si la kikatili. Lilikuwepo moja tu, la kweli, na lilikuwa la kikatili.

"Muulize," alisema.

"Nilimuuliza. Siku ya kwanza kabisa tulipoonana. Nilimwambia, unaikumbuka hadithi ya meza?"

"Akasemaje?"

"Akalia."

Binti aliingiza mkono kwenye mkoba akatoa kalamu ya kijani. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni ambao kila mtoto angeweza kuusoma, kisha akamgeuzia baba yake ukurasa. Chanzo: mama yangu mzazi, aliyenisimulia nilipokuwa mgonjwa. Iingizwe chini ya hadithi.

"Mwanzoni sikuwa hata nimemtaja," alisema. "Nisingekumbuka kumtaja, kama usingeuliza. Kwa hilo nashukuru. Hapa unatia saini, si ndiyo?"

Rula alitia saini.

Binti alipoondoka, Bi Mkato alifunga droo. "Ungekataa."

"Swali limejibiwa."

"Limejibiwa uongo, kaka yangu, na wewe unaujua."

"Yeye haujui. Ameandika anachokumbuka." Alivuta ukurasa mwingine. "Hatuna kalamu ya kusahihisha hiyo. Soma."

Bi Mkato alisoma. Kwa ukurasa mzima alisahau mikato.

*

Kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa shule ya binti. Kampuni iliwatuma Rula na Bi Mkato na maboksi ya vitabu, kwa sababu meneja alisema itapendeza baba akiwepo. Baba alikuwepo, nyuma kabisa, karibu na dirisha ambalo kioo chake kilizibwa kwa kadibodi. Mbele walikuwa wamekaa binti na mama yake, mabega yakigusana. Mama alikuwa amenenepa vizuri na bado alikuwa na ile namna yake ya kugeuza shingo kabla ya macho. Kati yao na watoto waliokaa sakafuni kulikuwa na meza ya darasani, imepangwa vitabu.

Binti alisoma hadithi. Watoto walipiga makelele kofia ilipomezwa. Kisha alisema, "Leo mnaye hapa aliyenisimulia mwenyewe," akampa mama yake kipaza sauti.

Mama alisimama. Alikitazama kipaza sauti muda kidogo, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebee.

"Alikuwa msumbufu huyu," alisema, na ukumbi ukacheka. "Dawa hamezi. Umshike pua, hamezi. Nikawaza, nimfanyeje? Nikaona kofia ya baba yangu iko mezani, ya kijani. Basi, hadithi ikaja yenyewe."

Watoto walishangilia. Binti alifuta macho kwa kiganja. Bi Mkato alimshika Rula kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Kofia ya baba yake?" alinong'ona.

"Ndivyo alivyosema."

"Simama useme."

"Niseme nini? Mbele ya watoto wote hawa?"

Walipoanza kugawa soda, Rula alitoka akasimama ubarazani, kwenye bomba la kunawia. Mama alimkuta hapo.

"Habari za siku nyingi."

"Nzuri."

"Umekonda."

"Wewe hukukonda."

"Bado una ulimi. Nilidhani umeukatia kwenye mashine." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Alifungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi. "Hadithi hii nimeisoma jana, aliponipa kitabu. Aliponiuliza mara ya kwanza, ile ya kuonana, sikujua anasema nini. Nililia kwa aibu, nikaona amefurahi. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na kofia?"

"Ya jirani dereva."

Alifunga bomba. "Nami nimesema ya baba."

"Nimesikia."

"Umeshamwambia mtoto?"

"Nilimwambia. Hakuamini."

Mama alitazama ndani kupitia mlango. Binti alikuwa amechuchumaa kati ya watoto, anaandika majina yao kwenye vitabu.

"Nikimwambia mimi ataamini," alisema mama, taratibu.

"Ataamini."

Rula alisubiri. Alikuwa mzoefu wa kusubiri. Kazi yake yote ilikuwa kusubiri neno linalofuata. Mtoto mmoja alikuja kunawa, akajaza maji mdomoni, akayatema, akakimbia. Mama alikuwa anazungusha pete kwenye kidole.

"Niachie," alisema. "Hii moja tu. Wewe una miaka yote ile uliyokaa naye. Mimi sina kitu kingine kwake."

"Miaka ile pia nilishakupa wewe. Muulize sweta ilitoka kwa nani."

"Sikukuomba unipe."

"Hukuniomba."

"Basi usinitazame hivyo. Mimi sikuiba."

"Sijasema umeiba," alisema Rula, na ilikuwa kweli. Alichelewa kuhukumu kama alivyochelewa kujibu, na alipomtazama mwanamke yule aliona tu mtu aliyekuta nyumba imeshajengwa kwa jina lake, akaingia.

Binti alitokea mlangoni, uso umechangamka. "Kumbe mnaongea!" Aliwatazama kwa zamu, kwa furaha ya mtoto anayewakuta wazazi wake mahali pamoja. "Baba, umempongeza mama?"

Mama alifungua mdomo. Rula alimwona anavuta pumzi kama Bi Mkato mwanzoni mwa aya. Kisha mama akaufunga, akarekebisha mtandio.

"Nilikuwa karibu kumpongeza," alisema Rula.

"Haya, chukua kwanza hii. Yako." Binti alimpa kitabu. Alikuwa ameandika ndani, kwa wino wa kijani: Kwa baba, aliyenisahihisha. "Mama, twende, wanataka picha. Baba, nakuomba kitu. Msaidie mlinzi kurudisha meza darasani, sina mtu mwingine mwenye nguvu hapa."

"Haya, mama."

Wote wawili waligeuka, mama na binti, kwa sababu neno lilikuwa moja. Kisha wakaenda.

Ukumbini vitabu vilikuwa vimekwisha kwenye meza. Mlinzi wa shule, mzee mwenzake, alikuwa ameshika upande mmoja. Juu ya mbao alikuwa ameweka kofia yake. Rula alinyoosha mkono aitoe kabla hawajainua.

"Iache tu, mzee," alisema mlinzi, akicheka peke yake. "Hukumsikia mama pale? Siku hizi haimezi."

"Nilimsikia," alisema Rula. Akainamisha mgongo, akashika upande wake, wakainua.